Tandiko Tupu la Sinopaki

Kambi nzima ya Wapiikani wa mtoni ilimjua Sinopaki kwa kutembea. Siku za kuhama, wanawake wa rika lake walikaa juu ya farasi wakipiga soga, na yeye alikuwa chini, kamba mkononi, anameza vumbi la kila mtu. Nyuma yake alimvuta farasi jike mnene, mpole, ametandikwa tandiko zuri la kike lenye vichwa virefu mbele na nyuma na shanga zinazoning'inia. Juu ya tandiko hapakuwa na mtu. Wageni walidhani anatumikia adhabu. Wake wenzake walisema kichwa chake kina tundu. Ukimwuliza, alikujibu, "Miguu ninayo, nimchoshee nini mnyama?" kisha anaitazama miguu yako wewe mpaka unaona haya.

Sasa amekufa, na waliyomfanyia siku ya kufa kwake waliyafanya kwa mapenzi na heshima tele. Hilo ndilo linalouma. Wangemfanyia kwa ubaya, mtu angewatukana moyo ukatulia.

Alizaliwa katika hema lisilo na farasi. Kwetu mwenye farasi wengi ana hema kubwa, watoto wake midomo inang'aa mafuta, na wazee wake wanazeeka mpaka wanachoka wenyewe. Asiye na farasi anawafungia mbwa mizigo. Hema lake ni dogo kwa sababu mbwa hawawezi kukokota kubwa, na wazee wake hawazeeki sana. Nyati wakisogea kambi inasogea, na nyati hawajawahi kumngoja mtu.

Baba yake alikuwa na farasi wachache, wakaibwa wote kabla Sinopaki hajaota meno ya pili. Vuli hiyo kambi ilihama, na bibi yake, mzaa mama, magoti yalikuwa yamegoma. Walimjengea kibanda cha matawi, wakamwachia kuni, nyama kavu na kiriba cha maji. Hakuna aliyelia, bibi alikataza. Alimwita Sinopaki, akamkaza viatu vya ngozi mpaka vikambana, akamwambia, "Usigeuze shingo njiani, utajikwaa."

Sinopaki aligeuza shingo. Alimwona bibi anapanga kuni, ndogo upande huu, kubwa upande ule, vile mtu anavyopanga vitu vyake akihamia nyumba mpya. Mtoto yule alielewa farasi ni nini siku ile, wala hakuhitaji kufundishwa tena.

Alipokua waliomtaka hawakuwa wengi, maana hema la baba yake halikuwa na cha kuringia. Alimchukua Kiayo. Kiayo naye alikuwa maskini, mwembamba, mcheshi, kijana aliyekwenda kwa miguu hadi kambi ya adui kusini na kurudi amepanda. Farasi aliyemleta ni mmoja tu, dume la rangi ya majivu, sikio moja limepasuka. Walimwita Kijivu, hawakujisumbua na jina jingine. Wenzao walikuwa na farasi wa kukimbizia nyati, wengine wa kupanda, wengine wa mizigo. Kijivu alikuwa wote hao. Asubuhi alikimbiza nyati, jioni alibeba nyama, na siku ya kuhama aliburuza hema, vyombo na mama mkwe.

Kaka yake Kiayo kwa baba, Stamik, alikuwa tajiri mwenye kundi lililojaa bonde, na hakuwaacha wapumue kwa utani.

"Mdogo wangu, huyo ni farasi au ni mbwa aliyepitiliza kukua?"

"Mbwa," alijibu Kiayo. "Lakini jana alimpita yule wako mnene."

"Yule hakimbii kwa sababu anafikiri."

"Basi mwite barazani awape wazee mashauri."

"Na wewe shemeji," Stamik alimgeukia Sinopaki, "siku mumeo akikuchosha njoo kwangu, utapanda farasi mpya kila asubuhi."

"Nije halafu wakezo wanikamue nini, mafuta?" alisema Sinopaki. "Kaa na farasi zako, shemeji. Mimi wangu mmoja namjua mpaka anavyokoroma."

Na kweli alimjua. Wakati wa baridi, theluji ikiwa imefunika nyasi, alishuka mtoni kila asubuhi kubandua magome ya miti, akayakata vipande, akamlisha kwa mkono. Usiku Kijivu alifungwa mbele ya hema, na kamba yake ndefu ikapita chini ya ngozi ya mlango mpaka ndani, ncha imeshikwa na Kiayo usingizini, ili mwizi akigusa farasi mwenyewe aamke. Wote tulilala hivyo na farasi zetu bora. Sinopaki alilala karibu na kamba hiyo, na alikuwa na raha.

Hemani alikuwamo pia Mastaki, mama yake Kiayo. Miguu yake iliumwa na barafu zamani, vidole vikakatika, ikabaki vigutu viwili visivyoweza kumbeba zaidi ya kutoka na kuingia. Lakini mikono yake, eh, mikono ile! Hakuna mwanamke katika makundi yote ya Wapiikani aliyetengeneza tandiko kama Mastaki. Alichonga mti, akauvika ngozi mbichi, akaushona ukiwa umelowa, na ngozi ikikauka tandiko linakaza kuliko mfupa. Alipaka mafuta siku nzima, kwa hiyo mikono yake ilinukia mafuta daima, na Kijivu alilijua hilo. Kila asubuhi aliingiza kichwa mlangoni, akakishusha mpaka mapajani kwa bibi kizee, akamlamba viganja.

"Huyu ndiye mwanangu wa pili," Mastaki alisema. "Wa kwanza hajawahi kunilamba mkono."

Siku za kuhama walimfungia Kijivu ile miti miwili mirefu, ncha zikiburuzwa ardhini, na nyuma yake kitanda cha kamba. Mastaki alikaa humo, mgongo umeegemea mizigo, akazungumza na mkia wa farasi njia nzima. Sinopaki alipanda mbele. Akisikia sauti ya mkwewe nyuma yake alimkumbuka bibi yake na zile kuni, akasema moyoni, huyu hataachwa. Akampenda Kijivu kwa sababu hiyo kuliko sababu nyingine yoyote.

Baridi aliyopata mimba ya kwanza ilikuwa mbaya kuliko zote. Theluji iliyeyuka juu ikaganda tena, ikawa gamba gumu, na farasi hawakuweza kulivunja wapate nyasi. Walianza kufa. Kundi la Stamik lilipukutika hata naye akapunguza utani. Kijivu alibaki mbavu nje, ila anasimama, kwa sababu Sinopaki alibandua magome mpaka kucha zake zikatoka damu.

Mwisho wa baridi hiyo nyati wachache walionekana mtoni. Kiayo akaenda, watu walikuwa hawajala vya kutosha kwa muda mrefu. Nyati jike aliyechomwa mshale aligeuka ghafla, Kijivu hakuwa na nguvu ya kumkwepa kama zamani, pembe ikampita farasi ikamwingia Kiayo chini ya mbavu. Kijivu alimrudisha nyumbani polepole, Kiayo amelala shingoni mwake.

Hakufa papo hapo. Jioni ya pili wake za Stamik walimbeba Mastaki kwenda kwao akale kitu, maana alikuwa amekataa chakula tangu mwanawe aletwe. Kiayo akabaki na mkewe.

"Kijivu msimuue," alisema.

"Nyamaza, hufi."

"Nakufa, acha ubishi. Msimuue. Mama atavutwa na nini? Na wewe na tumbo hilo. Mimi nitatembea tu, si mbali."

"Umejuaje si mbali?"

Alitaka kucheka, kicheko kikamwuma. "Basi nitauliza njia," alisema.

Alikufa kabla mama yake hajarudishwa.

Wafu wetu huenda Vilima vya Mchanga, na ni safari. Mtu mwenye jamaa hapelekwi huko kwa miguu. Farasi wake bora huuawa chini ya mti alipolazwa, ili ampande huko aendako. Matajiri huuliwa wengi. Maskini mwenye mmoja huuliwa huyo huyo, au, kama jamaa wana haja naye, farasi hukatwa mkia na nywele za shingo kwa msiba, akaachwa hai. Inaruhusiwa. Watu huangalia pembeni, lakini inaruhusiwa.

Walipokwisha kumfunga Kiayo katika joho lake na kumpandisha mtini, Stamik alishika kamba ya Kijivu. Sinopaki alikuwa amejikata nywele na kujichanja miguu kwa kisu cha msiba, damu imeganda mpaka kwenye visigino. Alimsogelea, akaitwaa kamba.

"Alisema asiuawe," alisema.

Wanawake wakaacha kulia. Mastaki, aliyeketishwa juu ya ngozi kwenye theluji, aliinua uso.

"Alisema hivyo?"

"Alisema, Mama. Jua linanisikia."

"Naamini. Baba yake naye alisema hivyo hivyo. Mtu mwenye adabu akifa lazima aseme, jamani msiniulie farasi. Na waliobaki, kama nao wana adabu, lazima wamkatalie. Mgeni akikwambia usihangaike nimeshiba, utamlaza njaa?"

"Yeye alikuwa anakuwaza wewe, Mama. Utavutwa na nini?"

"Mimi nimeshatembezwa vya kutosha. Mwanangu hatatembea."

Stamik alisema polepole, na safari hii hapakuwa na utani ndani yake, "Shemeji, mpe mtu haki yake. Watu watasema unamtunzia farasi mume ajaye."

"Waseme," alisema Sinopaki. Alichomoa kisu, akashika mkia wa Kijivu, akaukata karibu kabisa na nyama. Akaja mbele akakata nywele za shingo, vishada vikianguka kwenye theluji. "Nimeshamlilia. Anayetaka zaidi aanze na mimi."

Kuna aliyetema mate. Hakuna aliyemsogelea, mwanamke mwenye mimba na kisu hasogelewi. Mastaki alirudishwa kambini juu ya kitanda cha kuburuza, akivutwa na Kijivu yule yule mwenye mkia wa kigutu, na kwa mara ya kwanza hakuzungumza naye njiani.

Siku zilizofuata bibi kizee alikuwa mpole mno. Hakununa. Alikula alichopewa. Alirudi kwenye tandiko alilolianza mwanzo wa baridi, la kike, la mke wa mwanangu, alisema, akalishona kwa haraka. Kijivu akiingiza kichwa mlangoni alimpa viganja alambe, lakini macho aliyapeleka kwingine.

Asubuhi moja alisema, "Nimemwota."

Sinopaki alikuwa anachochea moto. "Yukoje?"

"Viatu vimekwisha. Anatembea juu ya mchanga, wenzake wanampita wamepanda. Wanamwuliza, wewe huna watu? Anawajibu ninao. Wanamwuliza tena."

"Ni ndoto, Mama."

"Ndiyo, ni ndoto," alisema Mastaki, akakata uzi kwa meno.

Mpiga mbiu akapita kambini kutangaza kwamba kesho yake watu wanahama, nyati wameonekana upande wa milima. Asubuhi ya kuhama, Sinopaki alitangulia mtoni kama kawaida kumtafutia Kijivu magome, ale ashibe kabla ya mzigo. Aliacha ncha ya kamba hemani, chini ya mlango, pale pale inapolala siku zote. Kwa nini aiondoe? Hata mtoto asingeiwaza.

Mastaki hakuhitaji miguu. Alishika ncha ile, akaivuta taratibu, mkono baada ya mkono, na Kijivu akaja, akijua anaitwa kula. Aliingiza kichwa mlangoni, akakishusha mapajani mwa bibi kizee, akaanza kulamba kiganja cha kushoto. Kile cha kulia kilikuwa na kisu cha kukatia ngozi za matandiko. Mwanamke aliyekata ngozi maisha yake yote anajua mshipa uko wapi.

Sinopaki aliporudi na mzigo wa magome alikuta farasi amelala, nusu ndani ya hema nusu nje, theluji ya mlangoni imegeuka rangi. Mastaki alikuwa amekaa pale pale, kichwa cha Kijivu kipo mapajani mwake bado, anamkuna nyuma ya lile sikio lililopasuka.

"Sasa amepanda," alisema.

Sinopaki aliyatua magome chini. Alikaa. Hakumpigia kelele. Baadaye alisema alitamani kumpiga, alitamani kweli kweli, na wakati huo huo alitamani kuweka kichwa chake pale kwenye yale mapaja, upande wa pili wa kichwa cha farasi, alale.

"Mama, umejiua," alisema.

"Mke wa mwanangu, kalete kisu kingine. Nyama isiharibike."

Alikwenda kwa Stamik kuomba farasi. Alimkuta anafunga mizigo kwa mikono yake mwenyewe, kitu ambacho hakuna aliyewahi kukiona. Farasi waliobaki mkononi mwake walikuwa wachache, wamekonda, na wake zake wawili na watoto wakubwa walikuwa tayari wamefunga viatu vya kutembea.

"Shemeji, ulikuwa na farasi," alisema. Kisha akaona aibu, akajifuta uso. "Sina. Jua linaniona, sina. Chukua mbwa hawa wawili. Chukua na hii nyama."

Mbwa walibeba ngozi za hema na chakula. Mastaki hakubebeka kwa mbwa. Basi Sinopaki aliitwaa ile miti ya Kijivu, akaifunga mabegani mwake mwenyewe kwa mkanda wa kifuani, akamkalisha mkwewe kitandani pamoja na matandiko ya kulalia na lile tandiko jipya, akavuta. Alivuta na mimba yake, na miguu aliyoichanja kwa msiba haijapona, akikanyaga gamba la theluji lililokuwa likivunjika chini yake kila hatua. Kambi ilimpita. Waliompita walimsalimu, wengine walimsukumia kidogo kwa nyuma, kisha wakaenda, maana kila mtu alikuwa na wake. Kufikia mchana walikuwa vidoa vyeusi mbele.

"Niteremshe," alisema Mastaki.

"Kaa, Mama."

"Unakoroma kuliko Kijivu."

"Basi zungumza na mkia wangu."

Bibi kizee alicheka. Akaanza kuzungumza kweli, habari za Kiayo akiwa mtoto, jinsi alivyompanda mbwa akaangushwa mtoni, na Sinopaki akavuta kwa kuifuata sauti ile. Halafu sauti ilinyamaza, akadhani amesinzia. Njia ilipanda kidogo kisha ikashuka, na ghafla mzigo ukawa mwepesi. Mabega yakapumua. Alifikiri ni mteremko. Alifikiri nguvu zimemrudia. Akatembea vizuri, karibu anakimbia, na alifurahi. Hilo hakuja kujisamehe mpaka anakufa, kwamba alifurahi.

Aligeuka kumwambia, "Mama, tutawafikia." Kitandani kulikuwa na matandiko ya kulalia na tandiko la farasi, yamefungwa vizuri yasianguke.

Alirudi akiburuza kitanda, akamkuta mbali nyuma, chini ya kichaka, amejifunika shali mpaka kichwani, amekaa wima.

"Nilijua utarudi, una kichwa kigumu," alisema Mastaki. "Lakini huwezi kunipakia tena. Nitashuka tena. Wewe utanipakia, mimi nitashuka, mpaka giza lituingilie sote watatu." Aliinyoosha mikono ile iliyonukia mafuta, akaweka juu ya tumbo la Sinopaki. "Huyu ana baba aliyepanda. Akizaliwa mwambie hivyo. Tandiko nimekuachia."

"Sitalikalia."

"Utalikalia. Nimelitengeneza vizuri. Haya, lete miguu hapa."

Akamkaza viatu. Sinopaki alimwachia joho lake la ngozi ya nyati lililokuwa chini ya matandiko, akavunja matawi akamzungushia upande wa upepo, akamwachia nyama ya Stamik, na nyama ile ilikuwa ya adabu tu, wote wawili walijua. Akaondoka. Safari hii hakugeuza shingo, na hata hivyo alijikwaa njia nzima.

Mtoto alizaliwa majani yakichipua, wa kiume, akaitwa Ponoka. Stamik alimchukua Sinopaki kama desturi ilivyo, akawa mke wa tatu, na miaka ikawa mizuri kidogo, farasi wakazaana tena bondeni. Alipewa wa kwake. Siku ya kwanza ya kuhama alimtandika lile tandiko la Mastaki, akashika kamba, akatembea. Stamik alimtania, akambembeleza, akamfokea, mwisho akachoka. Mke wa kwanza alisema, "Mwache, labda anaogopa kuanguka." Wakacheka. Sinopaki naye alicheka. Alitembea akiwa na homa, alitembea akiwa na mimba nyingine ambazo hazikukaa, alitembea nywele zikiwa nyeupe.

Mtu mmoja tu alimweleza, Apinaki, mke wa Ponoka, siku moja wakipasua matunda mwitu ya kuchanganya na nyama.

"Mama, kwani lile tandiko unamtunzia nani?"

"Aliyelishona hajapanda," alisema Sinopaki. Kisha akamsimulia yote, mpaka pale mzigo ulipopungua. "Nilifurahi, mwanangu. Miguu hii ilifurahi. Basi nayo ikae inajua."

Alipougua mwisho mambo yalikuwa yamekwisha kuharibika. Nyati walikuwa wanaadimika, Stamik alikwisha kufa na farasi zake wengi wakaenda naye, Ponoka alibaki na watatu. Mmoja alikuwa dume la kuwindia, mmoja mzee asiyefaa. Wa tatu alikuwa yule jike mpole wa mama yake, ana mimba, na tangu Sinopaki augue ndiye aliyeburuza hema na kumbeba Apinaki na mtoto wake mchanga, lile tandiko limewekwa pembeni.

Sinopaki alimwita mwanawe. "Msiniulie farasi," alisema. "Yule jike ni wa mkeo. Mimi nitatembea. Nimezoea."

Ponoka alitabasamu, macho yamejaa machozi. "Sawa, Mama," alisema. "Sawa. Pumzika."

Apinaki alimfuata nje. "Umemsikia? Hakusema kwa adabu. Alikuwa anasema kweli."

"Kila mtu husema hivyo."

"Yeye si kila mtu. Mimi alinieleza."

"Mke wangu, mama yangu ametembea maisha yake yote, watu wakimcheka mbele yangu," alisema Ponoka. "Nilipokuwa mtoto nilipigana kwa ajili hiyo. Unataka atembee na huko pia? Wamwulize kama hana watu?"

Apinaki alimwambia tena, na tena siku ya msiba, mbele ya jamaa. Jamaa walimwangalia miguu, wakamwangalia mtoto mgongoni, wakaelewa anachotaka, au walidhani wameelewa. Shangazi mmoja alisema kwa sauti ya kusikika, "Mkwe akifa ndipo farasi huwa mtamu." Baada ya hapo alinyamaza. Ningemlaumu, lakini hata mimi nilikuwapo, na hata mimi nilinyamaza.

Walimlaza mama yao mtini kando ya mto. Wakamleta yule jike, amesuguliwa manyoya yanang'aa, amefungwa manyoya ya tai kwenye mkia. Juu yake waliweka tandiko la Mastaki, lenye shanga, ambalo juu yake hapajawahi kukaa mtu. Ponoka alilia kama mtoto huku anashindilia bunduki, na alilenga vizuri ili asiteseke. Yule jike alianguka upande wa tandiko, likavunjika chini yake. Tumbo liliendelea kutikisika kwa muda mfupi baada ya yeye kutulia.

Wazee walisema ni mazishi mema. Walisema mwanamke yule hatimaye amepanda.

Kambi ilihama siku chache baadaye. Ponoka alikuwa mbele juu ya dume la kuwindia, akitafuta nyati ambao hawakuwapo, na yule farasi mzee aliburuza alichoweza. Apinaki alimfunga mtoto mgongoni, akatafuta jiwe la kukalia, akainama kukaza viatu.